Madarasa mapya yapo, mtoto wa darasa la nne hasomi: fedha za elimu zimeishia wapi?

*"Habari mtaalamu. Mimi ni mzazi, na mwaka huu nimechaguliwa kuingia kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu, mkoa wa Simiyu. Shule ina wanafunzi 600 na walimu tisa. Mwaka jana tulijengewa madarasa mazuri yenye madawati. Kila bajeti ikisomwa redioni tunasikia matrilioni ya elimu. Lakini binti yangu yuko darasa la nne, na ukimpa kitabu cha darasa la pili anakwama mstari wa kwanza. Wako wengi kama yeye. Mwalimu mkuu anasema ruzuku haitoshi, anaomba kila mzazi achange Sh 2,000 kwa mwezi kwa kila mtoto ili alipwe kijana wa kujitolea. Wajumbe wenzangu wanasema hela zinaliwa, tusitoe hata senti. Shemeji yangu ananiambia nimhamishie shule ya kulipia mjini, maana shule ya watoto wa maskini ndivyo ilivyo. Fedha za serikali zinaishia wapi, na mimi nishike lipi?"*

Mzazi mwenzangu, umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza ni kama fedha zinafika shuleni. La pili ni kwa nini mtoto hasomi hata zikifika. Watu wengi huyachukua kama jambo moja, na hapo ndipo kamati nyingi za shule hupotezea mwaka mzima: zinagombana na mwalimu mkuu juu ya stakabadhi, na watoto wanapanda darasa vilevile walivyo. Nitayatenganisha.

Lakini kwanza hilo neno la shemeji yako kuhusu watoto wa maskini, lisikukae moyoni. Nilifundisha darasa la kwanza kabla sijaingia kazi ya kuchambua bajeti, na nakuhakikishia Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa anayejifunza kusoma. Irabu ni tano, na neno hutamkwa jinsi lilivyoandikwa. Mtoto anayefundishwa kila siku kwa utulivu hutoka kwenye silabi akafika kwenye sentensi ndani ya mwaka mmoja, awe wa mchungaji wa ng'ombe au wa waziri. Binti yako akiwa hasomi darasa la nne, ujue alinyimwa ule mwaka mmoja.

Sasa tuje kwenye matrilioni. Kwa mwaka wa fedha 2024/25, Wizara ya Elimu iliomba Bunge karibu Sh trilioni 2. Anayesikia hivyo hudhani ni fedha za shule kama yenu, na sivyo. Zaidi ya Sh bilioni 700 katika hizo ni mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Vyuo, vyuo vya ufundi na miradi mikubwa vinachukua sehemu nyingine. Shule za msingi ziko chini ya halmashauri, na fedha zake, ikiwamo mishahara ya walimu, zinapita fungu la TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kwa hiyo tarakimu ya redioni ni kubwa kuliko kinachowahusu ninyi, na papo hapo ni ndogo kuliko jumla yote inayotumika kwa elimu nchini.

Je, jumla hiyo inatosha? Hapana. Mwaka 2015, nchi zilizokutana Incheon, Korea Kusini, zilikubaliana kwamba elimu ipate kati ya asilimia 4 na 6 ya pato la taifa, au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali. Tanzania imekuwa ikizunguka kwenye asilimia 3 na kitu ya pato la taifa, huku watoto wa shule za msingi wakiwa wameongezeka kutoka chini ya milioni 5 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 10. Mwalimu mkuu wenu anaposema ruzuku haitoshi, hadanganyi.

Piga hesabu naye. Ruzuku ya uendeshaji ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Katika hizo, Sh 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na Sh 6,000 ndizo zinazokuja shuleni. Zidisha kwa wanafunzi 600: Sh 3,600,000 kwa mwaka, yaani Sh 300,000 kwa mwezi. Humo itoke chaki, rimu za karatasi, kudurufu mitihani, bawaba za milango, michezo. Tena kiwango hicho kina asili yake mwaka 2002, wakati wa MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), kilipowekwa kuwa dola 10 kwa mtoto na dola moja ikiwa karibu Sh 1,000. Dola imeshapita Sh 2,000 zamani. Sh 10,000 imebaki Sh 10,000.

Wajumbe wenzako wanasema zinaliwa. Sitawakejeli, kwa sababu historia iko upande wao. Jirani zetu Uganda ndio walioonyesha dunia jinsi jambo hili linavyokuwa. Watafiti walikwenda kwenye shule 250 hivi, wakalinganisha kilichotoka hazina na kilichofika shuleni kati ya 1991 na 1995. Kwa wastani kilichofika ni asilimia 13 tu. Serikali ya Uganda ikaanza kutangaza magazetini na kwenye mbao za shule kiasi kilichotumwa kila wilaya, na kufikia mwaka 2001 kilichofika kilikuwa zaidi ya asilimia 80. Wapo wachumi wanaosema magazeti hayakufanya kazi peke yake, kwamba kulikuwa na mageuzi mengine wakati huohuo, nami nakubaliana nao. Ila somo la kuweka tarakimu mahali mzazi anapopita kila siku kwangu bado lina maana. Kwetu pia, miaka ya MMEM na baada yake, fedha zilipitia halmashauri na shule nyingi zilipokea sehemu tu ya ahadi.

Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, ruzuku inatoka hazina moja kwa moja hadi akaunti ya benki ya shule. Maana yake ni kwamba wewe, mjumbe wa kamati, unaweza kumaliza ubishi huu kwa asubuhi moja. Omba taarifa ya benki ya miezi 12. Jumlisha kilichoingia, linganisha na idadi ya wanafunzi mara Sh 6,000. Kisha linganisha kilichotoka na hati za malipo na mihtasari ya kamati yenu iliyoidhinisha matumizi. Mapato na matumizi yanapaswa pia kubandikwa ubaoni kila mzazi ayaone. Fanyeni hivyo mkiwa wajumbe watatu au wanne, kwa heshima, bila kumvizia mtu. Katika shule nyingi nilizokaa na kamati kwa kazi hii, tulikuta mapungufu ya kumbukumbu na ucheleweshaji. Wizi wa kutisha tuliukuta mara chache.

Tuseme mmekagua na kila shilingi iko mahali pake. Binti yako bado hasomi. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Mwaka 2013 na 2014 ulifanyika utafiti mkubwa nchini uitwao KiuFunza, ulioendeshwa na shirika la Twaweza pamoja na wachumi kutoka vyuo mbalimbali, katika shule 350 za wilaya 10. Shule ziligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa Sh 10,000 za ziada kwa kila mwanafunzi, zikaingia shuleni zote bila kukatwa. Kundi la pili, walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bahasha ya fedha, yaani motisha, kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu. Baada ya miaka miwili, shule zilizopewa fedha peke yake hazikuwa na watoto wanaosoma vizuri zaidi ya zile ambazo hazikupewa kitu. Fedha zilifika na zilitumika, lakini alama hazikusogea. Motisha peke yake ilileta mabadiliko madogo. Palipokuwa na vyote viwili ndipo watoto waliposogea kweli, kuliko hata ukijumlisha matokeo ya vile viwili kimoja kimoja.

Sikuelezi haya ili mwende kuwaahidi walimu bahasha. Nataka uone jinsi fedha inavyofanya kazi. Kitabu kikiwa kabatini hakimfundishi mtoto, na darasa jipya halimfundishi. Mtoto hujifunza kusoma katika dakika ambazo mwalimu yuko mbele yake, anamsikiliza yeye, anamrekebisha yeye. Fedha ikiongeza dakika hizo, mtoto atasoma. Ikiishia kabla ya kuzifikia, hata iwe nyingi kiasi gani, utaona rangi mpya ukutani na mtoto yuleyule.

Twende kwenye shule yenu tena. Chukua walimu tisa, kadiria mshahara wa Sh 600,000 kila mmoja kwa mwezi, wengine wanapata zaidi na wengine pungufu. Kwa mwaka ni Sh 64,800,000. Hiyo ni mara 18 ya ruzuku mnayoigombania! Mali kubwa kuliko zote iliyoko shuleni kwenu ni muda wa walimu. Ikiwa theluthi moja ya vipindi inapotea, kijiji kimepoteza Sh 21,600,000, sawa na ruzuku ya miaka sita, na hakuna kikao kitakachoitishwa. Wala theluthi si kukuza mambo. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014, uliofanywa kwa ziara za kushtukiza katika shule zetu, ulikuta karibu nusu ya walimu hawako darasani wakati wa kipindi, ingawa wengi wao walikuwapo hapohapo shuleni.

Naomba usitoke hapa na hasira kwa walimu. Nimekuwa mmoja wao. Ukisahihisha madaftari 110 ya watoto wa miaka saba, ukaandika taarifa tatu zinazodaiwa na ofisi tatu tofauti, ukaitwa kikao cha kata, na ulitembea kilomita sita asubuhi kwa kuwa shule haina nyumba ya mwalimu, kipindi cha saa nne kitakukuta chini ya mwembe. Kuna uvivu, siukatai. Lakini sehemu kubwa ya muda unaopotea inapotezwa na mpangilio, na mpangilio ndio kamati inaweza kuugusa.

Gusa hapa kwanza: uliza darasa la kwanza lina watoto wangapi na linafundishwa na nani, kisha uliza hivyohivyo kwa darasa la saba. Nimeona shule nyingi zenye watoto 120 wa darasa la kwanza mikononi mwa mwalimu mmoja, na darasa la saba lenye watoto 45 na walimu watatu wanaopokezana, wengine wakiwapa hata masomo ya jioni. Sababu inajulikana: shule husifiwa kwa mtihani wa darasa la saba. Hakuna anayemwita mwalimu mkuu wilayani kumuuliza wangapi wa darasa la pili wanasoma. Kwa hiyo mwalimu hodari hupelekwa juu, na watoto wadogo wanaachiwa yeyote aliyebaki. Mwaka 2013, upimaji wa kusoma kwa darasa la pili ulikuta ni asilimia 8 tu waliosoma na kuelewa kwa kiwango kilichotarajiwa. Serikali ilishtuka, na mwaka 2015 ikapunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili ili muda mwingi uende kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala ulibadilika, lakini mgao wa walimu ndani ya shule, kwa niliyoyaona, haukubadilika sana. Kuhamisha mwalimu mmoja hodari kutoka darasa la saba kwenda la kwanza hakugharimu hata shilingi, na ndilo pendekezo langu la kwanza kwa kamati yenu.

Kuna jambo jingine la huko kwenu. Watoto wengi wa Simiyu wanaingia darasa la kwanza wakiwa na Kisukuma kinywani, Kiswahili wamekisikia redioni tu. Mtoto kama huyo akikaririshwa "ba be bi bo bu" na wenzake mia, ataimba vizuri kabisa. Hata ukurasa mzima ataukariri. Ziba picha kwa kiganja, ananyamaza, kwa sababu hakuwa anasoma. Mwalimu anayemfafanulia neno kwa Kisukuma kisha akalirudia kwa Kiswahili anafanya kazi ya kitaalamu. Msimzuie.

Kuhusu mchango wa Sh 2,000. Elimu bila malipo haijafuta hiari ya wananchi kuchangia, ila imeweka masharti: mchango uwe wa hiari, upitie taratibu za kamati na kibali cha mamlaka ya wilaya, mwalimu asishike fedha, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa. Sare, madaftari na chakula cha mchana cha mtoto wa kutwa ni wajibu wa mzazi tangu mwanzo. Ukiniuliza mimi, kama kijiji hakina uji wa mchana, anzeni na uji. Baada ya hapo, kijana wa kujitolea ni jambo la maana kwa sharti moja: awekwe darasa la kwanza au la pili, akiongozwa na mwalimu mzoefu, agawiwe kikundi cha watoto 30 wasiojua silabi. Akichukuliwa ili kujaza vipindi vya mwalimu aliyepo lakini haingii, msitoe. Mtakuwa mnalipa mara mbili kwa kazi moja.

Wanaodharau watu wa kujitolea wakumbushwe miaka ya 1970. Mwaka 1970, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 kwa takwimu rasmi, na kufikia 1986 walibaki kama asilimia 10. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo. Waliofundisha chini ya miti wengi wao hawakuwa walimu wa cheti, walikuwa wahitimu wa darasa la saba waliopewa mafunzo mafupi, kitabu cha kufuata na msimamizi. Upande wa pili wa hadithi hiyo nao ni muhimu: magazeti ya vijijini na vitabu vya kujiendeleza vilipokauka, mafanikio yakarudi nyuma. Sensa ya 2012 iliwakuta wanaojua kusoma na kuandika, wa miaka 15 na zaidi, ni kama asilimia 78. Mtu asiye na cha kusoma husahau kusoma.

Shule ya kulipia mjini? Kwa sasa nakushauri usiende. Shule nyingi za namna hiyo hufundisha kwa Kiingereza. Binti asiyesoma aya ya Kiswahili, lugha anayoisikia, akitupwa kwenye kitabu cha Kiingereza atajifunza kunyamaza tu. Utauza ng'ombe wawili kwa mwaka na tatizo utakuwa umelihamisha mjini. Afundishwe kusoma kwanza, mengine yaje baadaye.

Na hilo unaweza kulianza nyumbani jioni ya leo. Mpe herufi, halafu silabi, halafu maneno, halafu aya fupi ambayo hajawahi kuiona. Pale anapokwama ndipo pa kuanzia, hata kama ni darasa la kwanza. Usimwonee haya wala usimgombeze. Wengi wa umri wake hukwama kwenye silabi zilizounganika: *mbwa, nywa, ng'o, ngwa*. Dakika 20 kila siku, yeye akisoma kwa sauti na wewe ukifuata kwa kidole. Kama wewe mwenyewe husomi vizuri, mtafute mtoto wa sekondari wa jirani. Shuleni, mwombeni mwalimu wa taaluma atenge saa moja kwa siku ambapo watoto wa darasa la tatu hadi la tano wanakaa kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa. Wahindi wamelifanya hili kwa miaka mingi kupitia shirika la Pratham, na linahitaji kadi za maneno na nidhamu tu.

Mwiteni pia afisa elimu kata, naye aombwe kukaa nyuma ya darasa la kwanza kipindi kizima, asiishie kukagua maandalio ofisini. Kenya, katika programu ya Tusome iliyoanza 2015, kila mtoto alipewa kitabu chake, mwalimu akapewa mwongozo wa kila kipindi, na maofisa wakaenda madarasani kuwasikiliza watoto wakisoma. Kwa upande wa fedha, nendeni kwa mkurugenzi wa halmashauri kama kamati imenyimwa taarifa ya benki mara mbili kwa maandishi. Mkiwa na karatasi mkononi zinazoonyesha pengo, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa namba 113 bila malipo. Msiende na uvumi, mtamharibia mtu jina.

Na binti yako, kama baada ya miezi miwili ya dakika hizo 20 hajasogea kabisa, msipige tena kambi kwenye silabi. Mpeleke kituo cha afya apimwe macho na masikio, hasa kama anasogeza kitabu puani au anakuuliza umesemaje mara kwa mara. Vikiwa vizima, mwone afisa elimu maalumu wa halmashauri, mweleze kila ulichojaribu, na umwombe akae na mtoto mwenyewe. Wapo watoto wenye akili nzuri ambao ubongo wao hupata taabu na maandishi, nao husoma wakifundishwa kwa njia tofauti, mradi atokee mtu wa kuligundua hilo mapema.